Kamera inapozidiwa na jua: Jinsi ya kunasa theluji na nyika katika picha moja

NA MWANDISHI WETU

YEYOTE aliyewahi kudamka alfajiri katika mbuga ya Amboseli, Kaunti ya Kajiado, anaijua taswira hii. Jua linachomoza upande wa kushoto wa anayetazama kusini. Theluji iliyo kwenye kilele cha Mlima Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka nchini Tanzania, inageuka rangi ya waridi kisha ya dhahabu, ilhali nyika iliyo chini bado imefunikwa na kivuli. Ndovu wanaelekea kwenye kinamasi, migunga imesimama tuli, na macho ya mtazamaji yanayaona yote hayo kwa pamoja bila taabu yoyote.

Mtazamaji huyo anachomoa kamera na kubonyeza. Anapoitazama picha aliyoipiga, anatamauka. Ikiwa mlima umetokea vizuri, nyika imekuwa nyeusi mithili ya masizi. Akijaribu tena ili nyika ionekane, theluji inageuka kuwa doa jeupe lisilo na umbo, na mbingu yote inafutika.

Wengi hudhani kwamba kosa ni la kamera ya bei nafuu au la mkono usio na tajriba. Ukweli ni kwamba hata mpigapicha hodari mwenye kamera ya thamani kubwa hukumbana na tatizo hilo hilo. Dawa yake ni mbinu inayofahamika kwa kifupi kama HDR, ambapo picha kadhaa za mandhari moja, zilizopigwa kwa viwango tofauti vya mwanga, huunganishwa na kuwa picha moja.

Mbinu hii imesifiwa na kulaumiwa kwa kiasi sawa. Kuna wanaoitumia kurejesha kile ambacho jicho liliona, na kuna wanaoitumia kubuni mlima ambao haujawahi kuwepo. Ndiposa ni muhimu kwa mtu kuielewa kabla ya kuitumia, na hata kabla ya kuamini picha anayoiona kwenye kalenda au tangazo la utalii.

KWA NINI KAMERA HUSHINDWA

Wapigapicha hupima mwanga kwa hatua. Kila hatua moja ni sawa na kuzidisha mwanga maradufu. Ikiwa tofauti kati ya sehemu ang'avu zaidi na sehemu yenye giza zaidi ni hatua 2, basi ile ang'avu hutoa mwanga mara 4 ya nyingine. Hatua 10 ni mara 1,024 na hatua 14 ni mara 16,384.

Kamera nyingi nzuri za kidijitali za siku hizi huweza kunasa takriban hatua 12 hadi 14, tena katika hali bora. Mandhari yenye jua, theluji na vivuli vizito huweza kupita kiwango hicho. Mwanga ukizidi, vijisehemu vidogo vinavyoupokea ndani ya kamera hujaa kama mtungi uliowekwa chini ya mfereji, na chochote kinachoongezwa humwagika. Hapo ndipo theluji huwa nyeupe tupu. Waliosema kwamba maji yakimwagika hayazoleki hawakuwa na habari za kamera, lakini hakuna methali inayolifafanua tatizo hili vyema zaidi. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurejesha ufa wa barafu ambao haukunaswa.

Upande wa giza nao una tatizo lake. Mwanga ukiwa haba mno, kamera haiwezi kuutenganisha na kelele za umeme wake yenyewe. Anayejaribu kuling'arisha giza hilo baadaye huambulia chengachenga za rangi badala ya nyasi.

Kuna kikwazo kingine ambacho wengi hawakitambui. Karatasi ya picha huweza kuonyesha takriban hatua 6 hadi 7 pekee. Kwa hivyo, hata kama kamera ingenasa kila kitu, bado ingelazimu mwanga huo mwingi ufinywe ili utoshee kwenye karatasi. Mpigapicha ana kazi mbili basi: kwanza kuukusanya mwanga wote, kisha kuupanga upya mahali finyu. Makosa mengi ya HDR hutokea katika kazi hii ya pili.

Je, mbona jicho halisumbuki? Sababu ni kwamba jicho haliitazami mandhari yote kwa mara moja. Hurukaruka kutoka theluji hadi nyika na kurudi. Kila linapotua, mboni husinyaa au kupanuka, na ubongo huviunganisha vipande hivyo kuwa taswira moja. Kwa maana hiyo, kila binadamu amekuwa akiunganisha picha kichwani mwake tangu azaliwe. Kamera ndiyo iliyochelewa kujifunza.

WAZO LA KALE

Ingawa jina HDR ni la juzijuzi, wazo lenyewe ni kongwe. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari. Kemikali za wakati huo ziliathiriwa mno na mwanga wa buluu, hivyo anga ilitoka nyeupe kila alipojaribu kuyapata mawimbi vizuri. Le Gray aliamua kutumia vioo viwili katika baadhi ya kazi zake: kimoja cha anga, kingine cha bahari. Kisha aliviunganisha alipokuwa akichapisha kwenye karatasi moja. Picha zake za mawimbi na mawingu zilizopigwa mwaka wa 1856 na 1857 zingali zinastaajabiwa hadi leo.

Takriban miaka 80 baadaye, nchini Marekani, Ansel Adams na Fred Archer walibuni utaratibu wa kuigawa mandhari katika ngazi 11 za mwanga, kuanzia weusi kamili hadi weupe kamili. Mpigapicha aliamua mapema ni ngazi gani itakayobeba kivuli na ipi itakayobeba theluji. Adams, aliyepata sifa kwa picha za milima ya bonde la Yosemite, alikaa chumbani gizani kwa saa nyingi akiangaza sehemu moja ya karatasi na kuikinga nyingine kwa mkono.

Naye Mmarekani Charles Wyckoff alitengeneza filamu yenye tabaka tatu, kila tabaka likiwa na wepesi tofauti wa kupokea mwanga. Filamu ya aina hiyo iliwezesha kupigwa kwa picha za milipuko ya mabomu ya nyuklia, ambayo mwanga wake ungeunguza filamu yoyote ya kawaida.

Enzi ya kompyuta ilipowadia, Steve Mann na Rosalind Picard wa chuo cha MIT walieleza mnamo 1995 jinsi ya kuunganisha picha za kidijitali zilizopigwa kwa viwango tofauti vya mwanga. Miaka miwili baadaye, Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa hesabu ambayo ingali msingi wa programu nyingi. Kompyuta hukichunguza kila kitone katika kila picha, ikakiamini zaidi kile ambacho hakikuungua wala kuzama gizani, kisha ikakadiria kiasi halisi cha mwanga uliokuwepo. Mwaka wa 2005 mbinu hiyo ilitiwa katika programu maarufu ya Photoshop, na tangu hapo ikawa mikononi mwa kila mtu.

HATUA KWA HATUA

Tuseme basi msomaji yuko Amboseli na jua linakaribia kuchomoza. Afanye nini?

Jambo la kwanza ni uthabiti. Picha zote zitawekwa moja juu ya nyingine, hivyo kamera haifai kusogea hata kidogo. Kwa kawaida hutumiwa stendi ya miguu mitatu. Hata hivyo, ndani ya mbuga wageni hawaruhusiwi kushuka garini ila katika sehemu chache zilizotengwa, mathalan kilima cha kutazamia mandhari. Aliye garini na azime injini, ashushe dirisha na kuiegemeza kamera juu ya mfuko mdogo uliojazwa maharagwe. Mfuko huo hauna gharama na hufanya kazi barabara.

Pili, kamera iwekwe ihifadhi faili ghafi, ambazo kwenye orodha yake huandikwa RAW. Faili ya kawaida ya JPEG hubeba ngazi 256 pekee kwa kila rangi, ilhali faili ghafi hubeba 4,096 au hata 16,384. Anayetumia JPEG ni sawa na mpishi aliyetupa nusu ya viungo kabla ya kuwasha moto.

Tatu, tundu la lenzi lisibadilike kati ya picha moja na nyingine. Likibadilika, sehemu zinazoonekana wazi na zile zenye ukungu nazo zitabadilika, na picha hazitaoana. Kwa mandhari, f/8 au f/11 hufaa. Wepesi wa kupokea mwanga, yaani ISO, uachwe chini, kwa mfano 100. Kinachobadilishwa ni muda peke yake. Vilevile, lenzi ikishalengwa mlimani, ulengaji wa kujiendesha uzimwe ili usihame katikati ya kazi.

Nne, zipigwe picha tatu zinazopishana kwa hatua mbili. Ikiwa picha ya katikati imechukua sekunde 1/60, ile ya theluji ichukue sekunde 1/250 na ile ya nyika sekunde 1/15. Kamera nyingi zina mpangilio uitwao AEB unaozipiga zote mfululizo bila mtu kugusa chochote. Ni vyema pia kutumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera.

Tano, grafu ya mwanga itazamwe kabla ya kuondoka. Katika picha yenye giza zaidi, grafu haifai kubanana kwenye ukingo wa kulia. Ikibanana, theluji ingali inaungua. Katika picha ang'avu zaidi, isibanane kwenye ukingo wa kushoto. Iwapo jua lenyewe limo ndani ya fremu, huenda picha 5 au 7 zikahitajika.

Kuna wakati ambapo mbinu hii haihitajiki kabisa. Siku ya mawingu mazito, tofauti kati ya anga na ardhi huwa ndogo, na faili ghafi moja hutosha. Aidha, mahali penye upeo ulionyooka kama baharini, baadhi ya wapigapicha hupendelea kuweka mbele ya lenzi kioo kilichotiwa weusi upande wa juu na kuachwa wazi upande wa chini. Kioo hicho hukinga anga na kulimaliza tatizo papo hapo. Tatizo ni kwamba mlima hauna mstari ulionyooka, na weusi wa kioo hukiangukia kilele pia.

Adui mkubwa ni kitu kinachosonga. Ndovu akipiga hatua kati ya picha ya kwanza na ya tatu, ataonekana mara tatu, kila mara akiwa hafifu kama mzuka. Programu za kisasa zina uwezo wa kuitambua sehemu hiyo na kuchukua picha moja pekee kwa ajili yake. Iwapo upepo unavuma na nyasi zinayumba, ni busara kusubiri utulie. Mwenda pole hajikwai.

KAZI YA MEZANI

Nyumbani, picha zote tatu hufunguliwa kwenye programu na kuunganishwa. Zao lake la kwanza ni faili yenye mwanga mwingi kuliko kioo cha kawaida cha kompyuta kinavyoweza kuonyesha. Ni sharti ngazi hizo zipangwe upya.

Upangaji huo hufanywa kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza hutumia kanuni moja kwa picha nzima: ang'avu hushushwa, giza hupandishwa. Picha hutoka tulivu, ingawa huweza kupooza kidogo. Njia ya pili hulinganisha kila sehemu na jirani zake, ikaangaza hapa na kufifisha pale. Hii huibua nyufa za miamba na manyoya ya mawingu kwa namna ya kupendeza, ila ndiyo pia inayoharibu picha nyingi.

Mnamo 2007, watafiti Tom Mertens, Jan Kautz na Frank Van Reeth walipendekeza njia ya mkato: badala ya kukadiria mwanga halisi, kompyuta iteue sehemu bora katika kila picha na kuzishona pamoja. Matokeo yake aghalabu hufanana zaidi na kile ambacho mtu alikiona, na anayeanza angefanya vyema kuijaribu kwanza.

Wenye simu za kisasa wamekuwa wakitumia mbinu hizi pengine bila kujua. Apple iliiweka HDR kwenye simu zake za iPhone mwaka wa 2010. Google nayo mnamo 2013 ilileta utaratibu tofauti, ambapo simu hupiga msururu wa picha zenye giza kidogo ili anga isiungue, kisha huzijumlisha ili kuondoa chengachenga kwenye vivuli. Kazi hiyo yote hukamilika kufumba na kufumbua. Faida yake ni urahisi, na hasara ni kwamba simu ndiyo inayoamua kivuli kiwe cheusi kiasi gani.

CHUMVI IKIZIDI

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha ya HDR iliyopikwa kupita kiasi hutambulikana kutoka mbali, na dalili zake ni bayana.

Ya kwanza ni utando wa mwanga unaouzunguka mlima kana kwamba umevishwa taji. Ya pili ni anga ya mchana iliyogeuka kijivu kizito ilhali jua linawaka. Ya tatu ni rangi zinazopiga kelele: nyasi za kijani kibichi katika msimu wa kiangazi, au udongo mwekundu kama damu. Ya nne, ambayo ni mbaya kuliko zote, ni kukosekana kwa kivuli. Mandhari isiyo na kivuli haina saa. Mtazamaji hawezi kujua kama ni asubuhi au adhuhuri.

Kuna vipimo vyepesi vya kujikinga. Alfajiri, ardhi haifai kung'aa kuliko mbingu inayoimulika. Mahali penye maji, taswira ya mbingu ndani ya dimbwi haiwezi kuwa angavu kuliko mbingu yenyewe, kwani maji hayaongezi mwanga. Mpigapicha akiona kanuni hizo zimevunjwa kwenye kazi yake, ajue amevuka mpaka. Wengi hupendekeza pia picha iachwe usiku mmoja na kutazamwa upya asubuhi, kwa kuwa jicho huzoea utamu hadi lisiuhisi tena.

PICHA KAMA USHAHIDI

Huenda msomaji akauliza: kuna ubaya gani mtu akijipambia picha yake? Ikiwa ni ya kuning'inizwa sebuleni, hakuna. Lakini picha za mandhari hubeba mzigo mwingine, na hakuna mahali unapodhihirika kuliko kwenye Kilimanjaro hiyo hiyo.

Barafu ya mlima huo inatoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 ulibaini kwamba asilimia 85 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka wa 1912 lilikuwa limebaki tupu kufikia 2007. Mlima Kenya nao umekuwa ukipoteza barafu yake kwa miongo mingi. Katika kuyafuatilia mabadiliko kama hayo, wanasayansi hutumia ramani na picha za angani, na vilevile picha za kale zilizopigwa na wapanda milima na wasafiri, wakizilinganisha na za sasa kutoka mahali pale pale.

Sasa na tujiulize picha ya leo itamwambia nini mtu atakayeitazama miaka 50 ijayo. Kama theluji imeungua, hataweza kuona barafu inaishia wapi na wingu linaanzia wapi. Kama imepikwa kupita kiasi, mwamba wa kijivu utakuwa umeng'arishwa hadi ukafanana na barafu, na atasoma uongo. Picha iliyounganishwa kwa uangalifu, inayoonyesha ukingo wa barafu pamoja na nyika na miti iliyo chini yake, itamwachia ushahidi ambao picha moja ya kawaida isingeweza kuubeba.

Vyumba vya habari vimelazimika kulitafakari suala hili. Mwaka wa 2013, picha ya Paul Hansen wa Uswidi iliyoonyesha mazishi mjini Gaza, na ambayo ilikuwa imeshinda tuzo kuu ya World Press Photo, ilidaiwa kuundwa kwa kuunganisha picha kadhaa. Wataalamu walioombwa na waandaaji waliichunguza na kuilinganisha na faili yake ghafi, wakaafikiana kwamba ilikuwa picha moja halali, ingawa rangi na mwanga wake vilikuwa vimerekebishwa. Faili ghafi ndiyo iliyomwondolea shaka.

Funzo kwa mpigapicha wa mandhari ni wazi. Picha asilia zote zihifadhiwe, zikiwa na tarehe na mahali zilipopigwa, hata baada ya ile ya mwisho kukamilika. Anayeichapisha picha aeleze kwamba imeunganishwa kutokana na kadhaa. Maelezo hayo mafupi hayapunguzi uzuri wake, na humwezesha mtazamaji kujua anachokitazama.

Lango la mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na aghalabu mawingu huufunika mlima kabla ya saa sita haijafika. Muda wa kupiga picha hizo tatu hauzidi nusu dakika. Aliyekwisha kuiandaa kamera yake na mfuko wake wa maharagwe atarudi nyumbani na mlima, nyika na ndovu pamoja, jinsi macho yake yalivyoviona asubuhi hiyo.